Mdogo wangu anatishiwa kwenye simu, na mjomba anataka kuivunja

Somo, shikamoo.

Nakuandikia usiku, nimeshafunga kibanda, hesabu zinagoma na hata si hela zilizopungua, ni kichwa. Mimi ni wakala wa huduma za fedha kwa simu hapa Mtwara mjini, mwaka wa sita huu. Baba alishatangulia mbele ya haki, mama ana presha. Nina mdogo wangu wa kiume wa miaka 20, kitinda mimba, nimemlea kwa mikono hii. Kamaliza kidato cha sita, anangoja chuo, na msimu huu amepata kibarua cha kupima korosho kwenye ghala la chama cha msingi.

Tangu mwezi wa nane akabadilika. Chakula anakichokonoa tu. Usiku mwanga wa simu unaonekana chini ya shuka mpaka adhana ya alfajiri. Mama akasema ni mapenzi, bila shaka kuna binti wa watu. Na mimi nikaamini hivyo hivyo.

Halafu wakala mwenzangu wa ng'ambo ya barabara akanitania: "Mdogo wako ana mchumba wa gharama. Kila Ijumaa elfu ishirini, namba ile ile." Moyo ukanilipuka. Mtoto ana dada mwenye kibanda, anavuka barabara kwenda kutumia hela kwa mwingine!

Nilimwita Jumapili, mama kaenda msibani Mikindani. Nikamuuliza, unamtumia nani? Alinyamaza muda mrefu, akafungua simu mwenyewe, akanipa, akatoka kukaa barazani.

Somo, nilisoma. "Leo Ijumaa, usinisahau. Au nimwandikie mjomba wako? Jina lake naliona hapa." Chini yake kuna picha ya orodha ya marafiki wa mdogo wangu kule Facebook, jina la mjomba limezungushiwa duara jekundu. Huyo mtu walikutana kwenye kundi la WhatsApp, akajidai yuko Lindi. Ana maongezi yao ya miezi miwili yanayoonyesha wazi kuwa mdogo wangu anavutiwa na wanaume wenzake, na ana picha moja ambayo si ya kuonwa na watu. Tangu minada ianze mwezi wa kumi amepandisha dau, anataka elfu hamsini. Anaandika, "msimu huu Mtwara mna hela."

Nikaingia na kwenye hilo kundi lenyewe. Nilijiandaa kukuta uchafu. Nilichokuta ni mtu kaweka picha ya ugali uliomuungulia na wenzake wanamcheka, mwingine ana usaili wa kazi kesho wanamwombea dua. Kuna ujumbe wa sauti aliotumiwa mdogo wangu peke yake na kaka mmoja, lafudhi ya Tanga: "Mdogo wangu, umekula leo? Usinijibu ndiyo tu, niambie umekula nini." Niliusikiliza mara tatu. Sisi hapa nyumbani tulikuwa tunamsema tu kwamba amekonda kwa ajili ya simu.

Nilipomfuata barazani akaniambia, "Dada, niko hivi tangu darasa la sita. Sikufundishwa na mtu. Nimechoka. Saa nyingine naona bora nisiwepo."

Sasa kuna mjomba. Wiki mbili zilizopita aliazima simu ya kijana aangalie bei ya mnada kwenye kundi la chama, ujumbe ukachomoza juu ya kioo, "Umelala, kipenzi?" na jina la kiume. Hakusema kitu mbele za watu. Lakini kamwambia mama kuwa simu imemharibu mtoto, ataichukua aivunje, na mtoto aende Tandahimba akakae shambani kwake mpaka msimu uishe. Na wewe unajua, kwetu mjomba akisema amesema.

Nilipe hiyo elfu hamsini tuepuke aibu? Nimwache mjomba aichukue simu? Na ni kweli mitandao ndiyo iliyomfanya hivi? Kuna mtu kaniambia tuweke VPN, ile programu ya kuficha unakopita mtandaoni, mambo yataisha. Mimi ni Muislamu, namwogopa Mungu, lakini huyu ndiye niliyembeba mgongoni.

Dada Mkubwa, Mtwara

* * *

Marahaba, mwanangu.

Katika yote uliyoniandikia kuna maneno mawili yasiyongoja, mengine yote yanaweza kulala mpaka kesho. "Bora nisiwepo." Yule wa Ijumaa mwache kwanza, mjomba mwache kwanza. Leo, kabla hujalala, kaa naye umuulize kwa maneno yaliyonyooka: "Unafikiria kujiua?" Usizunguke kwa "unawaza vibaya" au "una mawazo mengi". Wengi tunaogopa kwamba ukilitaja ndiyo umempa wazo. Wataalamu wa afya ya akili wanasema kinyume: kuuliza hakumpandikizi mtu wazo, kunampa pahali pa kulitua.

Akikujibu ndiyo, asilale peke yake, na asubuhi mwende hospitali, iwe Ligula au ile ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, muulizie huduma ya afya ya akili. Si lazima amweleze daktari habari za kundi wala za nani anampenda. Akisema halali, hali, na anafikiria kufa, hayo yanatosha kumhudumia. (Namba 116 ya kupiga bure kuomba msaada ni ya watoto walio chini ya miaka 18. Mdogo wako keshapita umri huo, naiandika kwa sababu najua nani wengine wanasoma safu hii wamejifungia chooni.)

Na hapo hapo nikujibu la Tandahimba. Kijana aliyetamka maneno hayo, umpeleke akalale kwenye banda la shamba, peke yake, hana simu, hana wa kuzungumza naye, pembeni yake stoo ya dawa za mikorosho? Hapana, mwanangu. Hapo nakuomba usimame hata kama magoti yanatetemeka. Na kama nyumbani kwenu pia kuna dawa za kupulizia zilizobaki, zifungieni kwa kufuli, ufunguo ukae kwako.

Haya, tuje kwa mtu wa Ijumaa.

Usilipe. Elfu ishirini ya kwanza ilimwonyesha kuwa kisima kina maji, na elfu hamsini itamwonyesha kina kina kirefu. Unataka kujua alimpataje? Wewe unajua kuliko mimi, ni vile tu hujakaa ukaunganisha. Mteja anapokuja dirishani, ukiingiza namba na kiasi, kabla hujathibitisha kinatokea nini kwenye kioo? Jina. Majina kamili, kama yalivyosajiliwa kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole. Kundini mdogo wako alikuwa na jina la utani, pengine na picha ya ua au ya mpira. Lakini kwenye kundi la WhatsApp kila mmoja anaiona namba ya mwenzake. Yule bwana hakuhitaji ujanja wowote: alijifanya anataka kutuma shilingi elfu moja, jina likajitokeza, akalighairi, akaenda nalo Facebook, akamkuta kijana na picha ya mahafali na orodha nzima ya ukoo. Kile kile kinachokuokoa wewe usitume hela kwa asiyehusika ndicho kilichomvua nguo mdogo wako. Mfafanulie hivyo, ataacha kujiona mjinga. Nina hakika sasa hivi anajiona mjinga.

Cha kufanya mkifanye kwa mpangilio, maana kikitangulia kimoja kinaharibu kingine. Kwanza aifiche ile orodha ya marafiki Facebook, ibaki kuonekana na yeye tu. Kisha mpige picha za kioo za vitisho vyote, namba ionekane, tarehe ionekane, na mzihifadhi jumbe za miamala zenye namba za kumbukumbu. Nakala moja ikae kwako. Msifute kitu kwa hasira. Hata ile picha inayomtia aibu asiifute bado, nitakwambia kwa nini. Baada ya hapo ndipo amripoti huyo mtu humo humo kwenye programu na kumzuia. Asimtukane, asimbembeleze, asimwambie "dada yangu anajua". Kimya.

Ijumaa ya kwanza ndiyo ngumu. Atapigiwa kwa namba mpya, ataandikiwa "dakika kumi za mwisho". Funga kibanda mapema siku hiyo, ukae naye. Siwezi kukuapia kwamba hatarusha kitu. Ninachojua kuhusu watu wa biashara hii ni kwamba mtaji wao ni tishio, na tishio likishatumika halina bei tena, ndiyo maana wengi wao wakikosa huhamia kwa mwingine anayelipa.

Sasa ile picha. Kuna huduma inaitwa StopNCII, iliyoanzishwa Desemba 2021 na watu wa Uingereza wanaosaidia waliotishiwa kwa picha za faragha. Ni bure, ni ya mtu mwenye miaka 18 au zaidi. Picha yenyewe haitumwi kwao, na hilo ndilo lililonifanya niiamini. Simu yako inaisoma picha na kuitengenezea alama, mfululizo wa herufi na tarakimu, mfano wa dole gumba la ile picha, na ni alama tu inayosafiri. Facebook, Instagram, TikTok na wengine walioingia kwenye mpango huo wakikuta mtu anapandisha picha yenye alama hiyo, wanaweza kuizuia. Ili alama itengenezwe, picha lazima iwepo kwenye simu, ndiyo nikasema asiifute kwanza. Haizuii mtu kumtumia mjomba faraghani kwa WhatsApp, usije ukaja kunilaumu. Inaziba mlango mkubwa, dirisha linabaki. Kwa aliye chini ya miaka 18 kuna nyingine ya namna hiyo, Take It Down, ya Marekani.

Kisheria nitasema wazi pande zote mbili, maana nusu ya ukweli imefunga watu. Anachofanya huyo bwana ni kosa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inamkataza mtu kutuma ujumbe kwa kusudi la kumshurutisha au kumtisha mwingine, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lakini Kanuni ya Adhabu nayo ina kifungu cha 154, kinachoadhibu mahusiano ya kimwili ya wanaume kwa kifungo kisichopungua miaka 30, na kinaweza kufika maisha. Kifungu hicho kinazungumzia kitendo, hakiadhibu mtu kwa kumpenda mtu moyoni. Hata hivyo simu yenye maongezi ya miezi miwili ikiwekwa juu ya meza ya kituo, mlalamikaji anaweza kugeuka mshtakiwa kabla chai haijapoa. Kwa hiyo msikimbilie polisi kwa pupa. Mtafuteni kwanza wakili au mtoa msaada wa kisheria, huduma hiyo ina sheria yake tangu 2017 kwa wasio na uwezo wa kulipa, na kikao cha kwanza simu ibaki nyumbani. Njia fupi unayoijua kazini ni 15040, ya kuripoti namba za matapeli. Tumeni ujumbe ule unaodai hela tu, usio na habari nyingine ndani.

Umeuliza kama mitandao ndiyo iliyomfanya hivi. Mwenyewe kakujibu barazani: tangu darasa la sita. Alikuwa na simu darasa la sita? Na hicho kifungu nilichokutajia, chimbuko lake ni enzi za Mwingereza, wakati huo Mtwara nzima ungezunguka usikute mtu mwenye kitu cha kuita intaneti. Sheria haitungwi kukataza kisichokuwepo. Shirika la Afya Duniani liliuondoa ushoga kwenye orodha yake ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990, kwa hiyo usije ukauziwa dawa wala kombe la kumtibu, utaliwa hela mara ya pili. Wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma, Wamakonde kama sisi, waliamka siku moja mwaka 2015 Msumbiji ikaanza kutumia kanuni mpya ya adhabu isiyo na kifungu kile cha Mreno. Mto ni ule ule, korosho ni zile zile. Sisemi mvuke, nasema tu.

Neno lenyewe "shoga" linanichekesha na kunisikitisha. Wanawake wa pwani tumeitana shoga miaka yote, shoga yangu njoo tunywe chai. Siku hizi ukiliita sokoni watu wanageuka.

La dini sitakujibu kwa fatwa, sina elimu hiyo. Ila wewe na mimi tumelelewa kwenye sitara. Mwenye kukujia na aibu ya nduguyo umfunike, ndivyo tulivyofunzwa unyagoni, ndivyo tulivyosikia na msikitini. Hujaombwa kuidhinisha kitu. Umeombwa usimtupe.

Nilitaka nikae zaidi kwenye ule ujumbe wa sauti wa Tanga.

Mwaka 1998 huko Marekani walianzisha kitu kinaitwa Trevor Project, laini ya simu ya saa ishirini na nne kwa vijana wa namna ya mdogo wako waliofikia pa kutaka kujiua. Baadaye wakaongeza kuandikiana kwa ujumbe, maana kuna mtoto hawezi kupiga simu baba akiwa chumba cha pili, lakini kidole kinaweza kuandika gizani. Mwaka 2010 wengine wakaanzisha It Gets Better, watu wazima wakijirekodi video wakiwaambia wadogo kwamba wao pia walipita pale na wakaishi. Huko kuna wahudumu waliofunzwa, na huduma ya Trevor haifiki Mtwara. Lakini ukiondoa ofisi na fedha, ukabakiza kiini, unabaki na nini? Mtu mzima aliyewahi kupita pale pale, anamtafuta mdogo usiku, anamuuliza kitu kidogo kinachojibika. Umekula nini. Kaka wa Tanga hakusomea, lakini alijua kwamba swali la "uko poa?" hujibiwa "poa", na kwamba mtu anayetaja wali na kisamvu walau amekumbuka kuwa ana tumbo.

Ndiyo maana nasema simu isivunjwe. Mjomba akiivunja, yule wa Ijumaa bado anazo picha na maongezi kwenye simu yake, hakupungukiwa na kitu. Atakayepotea ni wa Tanga.

Ila mlango ule hauwezi kubaki wazi vile. Watu wa Dar wanakumbuka Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa wakati huo alipotangaza kikosi cha kuwasaka watu wa namna ya mdogo wako na kuwataka wananchi wapeleke majina. Serikali ikatoa tamko kuwa huo ulikuwa mtazamo wake binafsi, lakini watu walikuwa wameshaanza kufuta makundi, kufuta picha, kufuta marafiki. Kundi lenye namba sitini zilizosajiliwa ni orodha ya majina sitini, hata kama ndani yake wanaombeana dua. Mwambie akazungumze na hao wenzake wanaoaminika wahamie pasipoonyesha namba. Signal, programu nyingine ya kuandikiana, tangu Februari 2024 inakuruhusu kuwa na jina la kujitambulisha na kuificha namba yako. Telegram nayo inaweza kuficha namba, lakini mazungumzo yake ya kawaida hayajafungwa kwa ule ufunguo ambao wenye kampuni hawana, kwa hiyo nisingeitegemea kwa hili. Na mgeni mpya aingie kwa kudhaminiwa na mtu anayemjua kwa sauti na sura, kama tunavyofanya kwenye vikoba. Mnakopeshana laki mbili mnataka wadhamini wawili, itakuwaje siri ya maisha ya mtu isiwe na mdhamini?

VPN haifichi namba yako, haifuti alichoshika mwenzako, na mwaka 2023 Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka wanaoitumia wajisajili. Kwa shida yenu hii haiwasaidii.

Kwenye simu yenyewe kaeni wawili, mpite mahali panne patano. Ujumbe uliochomoza mbele ya mjomba ulichomoza kwa sababu arifa zinaonyesha maneno hata simu ikiwa imefungwa au iko mkononi mwa mwingine. Azizime ziseme tu "ujumbe mpya". WhatsApp tangu 2023 inaweza kuyafungia mazungumzo fulani kwa kidole chake, hayaonekani kwenye orodha. Azuie picha za WhatsApp zisijihifadhi zenyewe kwenye albamu, nyumba zetu zina watoto wanaoazima simu kuangalia katuni. Aangalie vifaa vilivyounganishwa, kama kuna kompyuta asiyoijua aiondoe. Aweke namba ya siri ya hatua ya pili. Na simu ya kuazimwa kuangalia bei ya korosho, mwanangu, iwe ya kwako. Mjomba akihitaji bei aje dirishani kwako, utamsomea.

Tena hapo hapo dirishani: huyo mwenzako wa ng'ambo ya barabara alikukosea hata kama amekusaidia. Miamala ya mteja si ya kutaniana. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kabla yake tulikuwa na adabu. Leo kamwambia dada, kesho atamwambia nani? Zungumza naye, bila kumpa sababu.

Kwa mjomba uende mwenyewe, usimtume mama. Nenda asubuhi, umsalimie inavyotakiwa, ukae chini. Usimdanganye, lakini huna deni la kumwambia yote. Mwambie: "Mjomba, nimeichunguza ile simu kama ulivyotuhadharisha. Nimekuta kijana ametapeliwa, kuna mtu anamtisha amtumie hela, na jina lako limetajwa humo. Ukiletewa kitu chochote kutoka namba usiyoijua, usifungue, nipe mimi, hao ndio wenyewe." Kila neno hapo ni kweli. Umempa heshima ya onyo lake, umempa kazi ya kufanya, na umemwandaa kabla yule bwana hajamfikia. La shamba sema mtoto anaumwa, hospitali wamesema asikae mbali. Basi mhakikishe hospitali mmeenda kweli. Akiuliza kuhusu "kipenzi", mwambie vijana siku hizi wanaitana hivyo. Hiyo nayo si uongo, wangu wananiita mimi kipenzi wakitaka vocha.

Usimwambie mama wala mjomba kitu kingine zaidi ya hapo. Hiyo habari ni ya kijana, siku akitaka itoke, itoke kwa kinywa chake. Huenda isitoke miaka kumi. Alikufungulia simu na kutoka nje kwa sababu hakuweza kukuangalia ukisoma, na wewe ulipomaliza ukamfuata barazani. Angekuwa mwingine angemfuata na mwiko.

Kesho ukifunga kibanda pitia kwa wale mama wanaouza ming'oko, ile mizizi ya porini, nunua fungu mbili, mle pamoja, na kabla hujamenya wa kwanza muulize mchana alikula nini. Mwanzoni atakujibu kwa mkato, endelea kumuuliza.

Niandikie Jumamosi, baada ya ile Ijumaa. Umri na baadhi ya mambo mengine nimeyabadilisha kabla ya kuichapa barua hii, na ile ya kwanza, uliyosahau ukaandika jina lake, nimeshaifuta. Na wewe nenda kwenye zilizotumwa uifute, kisha uifute tena kule kwenye pipa la taka.

Somo